Spika za sinema ya nyumbani bila waya: Bluetooth, seti ya saundiba, Wi-Fi au zinazojipima zenyewe?

Ingia maduka ya Kariakoo, au yale ya barabara ya Luthuli kule Nairobi, useme unataka spika zisizo na waya za kuzunguka kochi ili filamu isikike kama ya ukumbini. Utaoneshwa vitu visivyo na undugu wowote. Mmoja atakutolea spika mbili za Bluetooth za kubeba, mwingine saundiba (ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV) yenye sabufa na vispika viwili vya nyuma, wa tatu atakusifia mfumo wa Wi-Fi unaoendeshwa kwa simu. Wote watataja wati. Wati zisubiri. Uliza kwanza mambo mawili: spika zote zinafuata saa ya nani, na nani anajua kila spika imekaa wapi. Mfumo wenye majibu ya yote mawili utakupa sinema hata ukiwa mdogo. Usio nayo utakupa kelele kubwa tu.

Nimelinganisha kwa maswali hayo badala ya bei, kwa sababu bei hugeuka kila kontena linapoingia bandarini, ila fizikia ya sebule yako haigeuki.

## Sikio linavumilia kiasi gani

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Kwenye joto la Pwani la nyuzi 30 hufika kama 349. Kwa hesabu ya nyumbani, kila mita inakula karibu milisekunde tatu. Ndiyo maana hata spika za waya huhitaji kupangwa.

Chukua sebule ya kawaida. Kochi limesukumwa hadi karibu na ukuta, spika za mbele ziko mita 3 kutoka kichwani pako, za nyuma ziko mita 1.2. Tofauti ni mita 1.8, yaani milisekunde tano na ushee. Usipozichelewesha za nyuma kwa kiasi hicho, sauti yao itakufikia kwanza, na sikio huamini kwamba sauti imetoka kule ilikotangulia kusikika. Mjerumani Helmut Haas aliipima tabia hiyo mwaka 1949: sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa milisekunde chache, hadi kama 30, tunasikia sauti moja tu, na tunaiweka upande uliotangulia. Zikiachana zaidi ya hapo maneno huanza kuzaa mwangwi. Kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba waigizaji wanaongea nyuma ya kochi lake, usikimbilie kusema spika mbovu. Mara nyingi spika za nyuma zinawahi, au zimefunguliwa sauti mno, au yote mawili.

Hayo ni ya spika kwa spika. Kwa sauti na picha kuna uvumilivu zaidi. Pendekezo la shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, la mwaka 1998 linasema watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125. Angalia namba hizo hazilingani. Duniani mwanga hufika kabla ya sauti, na tangu utotoni tumeona shoka likitua mtini kabla ya kusikia mlio wake, kwa hiyo sauti inayochelewa kidogo haitushtui. Sauti inayotangulia mdomo inatukera mara moja.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatalitaja. Kila spika isiyo na waya ina kompyuta ndogo tumboni, na kompyuta hiyo huhesabu muda kwa fuwele ya kwatzi. Fuwele mbili hazifanani kabisa. Hutofautiana kwa makumi ya sehemu kwa milioni. Inaonekana si kitu. Piga hesabu: tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni milisekunde 180 kwa saa moja, na kwa filamu ya saa mbili ni 360. Spika mbili zilizoanza pamoja kabisa zingemaliza filamu zikiwa zimeachana zaidi ya theluthi moja ya sekunde. Kuzianzisha pamoja hakutoshi. Lazima mmoja ashike mdundo na wengine wamfuate mwanzo hadi mwisho, kama kwaya na mwalimu wake, na mfumo mzuri hufanya hivyo kimyakimya, ukiongeza au kupunguza vipande vidogo mno vya sauti ambavyo huwezi kuvisikia.

## Bluetooth: sherehe ndiyo, filamu hapana

Watu wengi tayari wana spika mbili za kubeba na wanauliza kwa nini wasiziweke nyuma ya kochi wakamaliza kazi. Sababu ya kwanza ni uchelewaji. Bluetooth ya muziki huibana sauti, huituma kwa vipande, kisha spika huweka akiba kidogo kabla ya kuanza kupiga ili mawimbi yakiyumba usisikie pengo. Kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC, ambayo kila kifaa kinayo, safari nzima mara nyingi huchukua milisekunde 150 hadi 250. Hapo kikomo cha 125 kimeshavukwa. Kodeki ya aptX Low Latency iliishusha hadi karibu 40, lakini lazima TV na spika zote ziwe nayo, na TV nyingi hazina.

Hapa msomaji atabisha: mbona simu yangu ikiunganishwa na spika hiyohiyo midomo inakwenda sawa? Inakwenda sawa kwa sababu programu ya video kwenye simu inajua spika itachelewa, basi inaizuia picha ingoje. Filamu iliyokwishapakuliwa ina subira. Mechi inayotoka kwenye king'amuzi kupitia HDMI haina. Picha inaoneshwa jinsi inavyoingia, spika yako ifike isifike. Na ule mpangilio wa TV wa kurekebisha sauti na picha kwa kawaida unajua kazi moja tu, kuichelewesha sauti zaidi. Kuiwahisha haiwezi. (Jirani akishangilia goli kabla yako, hilo usizitwishe spika: yeye anatazama kwa dishi na wewe kwa intaneti.)

Sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Njia za kuunganisha spika nyingi za Bluetooth, kama PartyBoost ya JBL, hurudufisha muziki uleule kwenye kila spika. Unaweza kuzigawa mbili zinazofanana ziwe kushoto na kulia, basi. Hakuna chaneli ya nyuma. Pikipiki inayopita nyuma ya mgongo wa mwigizaji haitapita nyuma yako. Italia kila kona kwa wakati mmoja. Kwa harusi ya uani hicho ndicho kinachotakiwa.

Auracast ni afadhali kwa upande wa saa. Ni tunda la Bluetooth LE Audio iliyotangazwa mwaka 2020, na jina lenyewe lilitoka 2022: kifaa kimoja kinarusha, vingi vinapokea, na wote wanaambiwa wakati mmoja wa kupiga. Lakini tahadhari ukinunua kidogokidogo. Spika za JBL za kizazi cha Auracast haziungani na zile za PartyBoost, hivyo Flip 6 uliyonayo na Flip 7 utakayoongeza hazitacheza pamoja kwa njia hizo. Na bado ni stereo tu.

Kama unazo tayari, zibaki za muziki. Usinunue mpya kwa ajili ya filamu.

## Seti ya saundiba, na kile boksi lisichosema

Hapa ndipo wengi wanapaswa kuishia. Saundiba hupokea sauti ya TV kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, hufungua chaneli zake, kisha huzirushia sabufa na spika za nyuma kwa redio yake yenyewe ambayo haipiti kwenye ruta. Mtengenezaji ametengeneza ncha zote mbili, kwa hiyo anajua safari ya hewani inachukua muda gani, na saundiba hujichelewesha kidogo ili wa mbele na wa nyuma wafike pamoja. Mwenye saa ni saundiba. Wi-Fi ikifa, bando likiisha, filamu ya kwenye flashi inaendelea kuzunguka kochi lako kama kawaida.

Sasa soma boksi vizuri. Chukua Sony HT-S40R, seti ya chaneli 5.1 (tano za kuzunguka na moja ya sabufa) iliyotoka 2021. Spika zake za nyuma zinaitwa zisizo na waya, na ni kweli hakuna waya unaovuka sebule. Lakini nyuma ya kochi unaweka kiboksi cha amplifaya, kiboksi kinachomekwa kwenye soketi, na kutoka kwake waya mbili zinakwenda kwenye spika ya kushoto na ya kulia. Sabufa nayo imeungwa na saundiba kwa waya wake. Hesabu: soketi moja mbele, moja nyuma, waya mbili nyuma ya kochi. Si ulaghai, ila ukifika nyumbani ukidhani utatundika vispika popote, utarudi dukani kununua kebo.

Seti za juu zaidi, kama familia ya Samsung HW-Q990 yenye chaneli 11.1.4 (hizo nne za mwisho ni za juu), hupeleka redio ndani ya kila spika ya nyuma. Waya wa kati unakufa, ila kila spika sasa inadai soketi yake. Katika nyumba zetu nyingi ukuta wa nyuma wa sebule una soketi moja, tena imeshikwa na friji au feni. Ndiyo maana naipenda fikra ya JBL Bar 1000: spika zake za nyuma ni vipande vinavyochomolewa kwenye ncha za saundiba yenyewe, vina betri ya hadi saa 10, ukimaliza filamu unavirudisha mahali pake vinachaji. Hakuna soketi, hakuna waya, hakuna kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Udhaifu wake ni wa kibinadamu. Mtoto akiviacha nje usiku, kesho utatazama bila sauti ya nyuma.

Swali la pili, nani anajua spika imekaa wapi, ndilo linalozigawa seti hizi. Za bei nafuu hazijui. Zina mpangilio wa kupandisha na kushusha sauti ya nyuma kwa rimoti, pengine na umbali, na kazi iliyobaki ni yako. Za bei ya juu zina maikrofoni zinazosikiliza chumba. Ukiwa na futi kamba na dakika kumi, ile ya bei nafuu unaweza kuifikisha mbali sana. Funga uzi kwenye kiti chako, upime hadi katikati ya TV. Ukiwa na mita 3, spika mbili za mbele zenye stendi zao zingetakiwa kuachana kama mita 3.5, ili zikupe pembe ya nyuzi 30 kila upande. Saundiba haiwezi kutanuka hivyo, na ndiyo gharama ya kuiweka yote kwenye mti mmoja. Za nyuma weka kwenye nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele, usawa wa masikio au juu kidogo. Maana yake ni ubavuni, nyuma kidogo ya mabega. Kochi likiwa limegusa ukuta, ziweke pembeni mwa kochi zikitazamana. Kuzibandika ukutani nyuma ya kisogo, sentimita 30 kutoka sikioni, ni kosa ninaloliona kila mahali.

Jambo moja la mwisho ambalo limewafanya watu wengi warudishe seti nzima dukani: spika za nyuma kimya. Kabla ya kulaumu redio, fungua mipangilio ya sauti ya TV, utafute toleo la sauti ya dijitali. Ikiwa imewekwa PCM, TV nyingi hutuma stereo tu kwenye ARC. Weka Auto au Bitstream. Kisha jaribu kwa filamu yenye 5.1 ya kweli, kwa sababu chaneli nyingi za king'amuzi huleta stereo, na taarifa ya habari haina cha kupeleka nyuma. Kama TV yako ni ya zamani na ina tundu la optiko pekee, utapata Dolby Digital ya 5.1, zaidi ya hapo halibebi.

## Wi-Fi: kundi si sawa na ndoa

Sonos, kampuni ya Santa Barbara, California, iliyoanzishwa 2002, ndiyo iliyozoesha watu spika za Wi-Fi zinazopiga wimbo mmoja nyumba nzima bila kuachana. Kwa muziki hila yake ni rahisi kueleza: kila kipande cha sauti hutumwa na muda wake wa kupigwa, spika zote zinasubiri muda huo ufike, zinapiga. Subira ikiwa ndefu, hata Wi-Fi ikiyumba hakuna anayekosa kipande. Snapcast, programu huria ambayo mafundi huiweka kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi na simu za zamani, hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida huweka akiba ya milisekunde 1000, na spika zake huachana kwa chini ya milisekunde moja. Inafurahisha sana, na haifai hata kidogo kwa TV, kwa kuwa sekunde nzima ya kusubiri ni mdomo kufunga kabla neno halijatoka.

Ndiyo sababu Sonos ina njia mbili za kuunga spika, na asiyejua tofauti yake hulalamika bure. Ukiweka spika kwenye kundi kwa programu ya simu, inapokea sauti ya chumba kingine, na sauti ya TV ikipelekwa kule huchelewa kidogo. Kuna hata mpangilio wa kurekebisha uchelewaji huo. Ukiiweka kama spika ya nyuma ya saundiba, inaolewa nayo: inaacha kujitegemea, inaongea na saundiba moja kwa moja kwenye bendi ya 5 GHz, na uchelewaji unashuka hadi unaofaa filamu. Mtu aliyenunua spika mbili za Sonos Era 100 akaziweka jikoni na barazani hana sinema. Aliyeziunga na Arc au Beam, saundiba za Sonos, anayo. Na lazima zifanane; huwezi kuweka ya zamani kushoto na mpya kulia.

Kuhusu nafasi, Sonos ina Trueplay. Unatembea polepole sebuleni ukipandisha na kushusha simu kwa mkono, spika zikitoa milio ya ajabu, na mwisho mfumo unajua chumba kinazirudishia nini. Kabla ya hapo unakaa kochini, unashika simu usawa wa kichwa, ili upimwe umbali wa spika za nyuma. Feni ya dari izimwe, na mwambie mwenye jenereta asubiri, maikrofoni haitofautishi. Kwa miaka mingi Trueplay ilitaka iPhone au iPad, na kwa nchi ya Android kama yetu hilo lilikuwa pigo. Baadhi ya modeli mpya, kama Era 100, zinaweza kujipima kwa maikrofoni zao.

Udhaifu wa njia hii ni utegemezi. Bila ruta hutafika hata hatua ya kuiwasha mara ya kwanza, na kila kitu kinapita kwenye programu ya simu. Mwezi Mei 2024 Sonos ilitoa programu mpya iliyopoteza baadhi ya kazi za ile ya zamani, malalamiko yakawa makubwa, na Januari 2025 mkurugenzi mkuu Patrick Spence akaondoka. Rimoti ya saundiba ya bei nafuu haiwezi kukufanyia hivyo.

Wenye kiboksi cha Apple TV 4K cha kizazi cha pili na kuendelea wanaweza kuunga spika mbili za HomePod, zikapokea hata sauti ya TV nzima kupitia eARC. Ni jozi ya mbele tu, hakuna za nyuma. Ila Apple ina hila nzuri: Apple TV ikitumia spika za nje, unaweza kushika iPhone karibu, milio inapigwa, simu inapima uchelewaji, picha inarekebishwa. Laiti kila TV ingekuwa nayo.

## Zinazojitafuta zenyewe

Mwaka 2021 Sony ilitoa HT-A9: spika nne na kiboksi kimoja, hakuna saundiba. Kila spika ina maikrofoni mbili. Ukibonyeza, moja inatoa mlio, nyingine zinasikiliza, zinapokezana, na kwa kuwa kasi ya sauti inajulikana, muda wa mlio kufika unageuka kuwa mita. Mfumo unachora ramani ya sebule yako, kisha unachanganya sauti za spika nne kutengeneza hadi spika 12 za kudhaniwa mahali pasipo na kitu. Moja iwe kwenye meza ya TV, nyingine juu ya kabati, ya tatu karibu na kochi, haikasiriki. Mrithi wake wa 2024 anaitwa BRAVIA Theatre Quad.

Nimekaa mbele ya mfumo wa namna hii, na kinachovutia ni jinsi spika zenyewe zinavyopotea. Huwezi kunyooshea kidole inakotoka sauti. Kwa sebule isiyo na ulinganifu, yenye mlango upande mmoja na dirisha kubwa upande mwingine, hakuna njia nyingine iliyo rahisi hivi. Ila hakuna spika ya kati; maneno ya katikati yanatengenezwa na za mbele, au na TV yenyewe ikiwa ni BRAVIA ya Sony inayokubali kuungwa kwa waya wake maalumu. Na soketi ni tano, ukihesabu kiboksi.

Dolby FlexConnect inakwenda hatua mbele. Ilitangazwa Agosti 2023, TCL ikiwa ya kwanza, na spika yake ya Z100 ikafuata 2025. Mwenye saa na mwenye futi ni TV: maikrofoni zilizomo ndani ya TV hutafuta kila spika iko wapi, kisha sauti hugawanywa upya kulingana na ulichonacho, na spika za TV zenyewe zinaingia kazini. Unaweza kuanza na moja tu, kona ya kushoto nyuma ambako ndiko kuna soketi, ukaongeza baadaye. Kwa mtu anayenunua kwa awamu, hii ndiyo fikra niliyoisubiri. Sharti la seti hii ya TCL ni zito: TV lazima iwe ya aina inayoikubali. Kama TV yako haiikubali na bado inafanya kazi, seti hiyo si yako.

## WiSA, na waya wa zamani

WiSA niipite haraka. Ni redio ya sauti isiyobanwa, chaneli hadi nane kwenye bendi ya 5 GHz, uchelewaji usiobadilika wa milisekunde 5.2 kwa sauti ya 48 kHz, na spika huachana kwa mikrosekunde chache tu. Kwa karatasi hakuna anayeikaribia. Lakini utalazimika kuagiza kila kipande nje, na WiSA Technologies, kampuni iliyokuwa nyuma yake, mwaka 2025 ilibadili jina kuwa Datavault AI. Kuagiza mbali kitu ambacho hujui nani atakirekebisha kunahitaji moyo.

Waya, kwa upande mwingine, hauna redio ya kuyumba wala fuwele za kuachana, kwa sababu saa ni moja tu, ndani ya risiva (amplifaya inayoendesha spika zote, si ile ya dishi). Uchelewaji uliobaki ni wa hewa, na huo risiva huufuta kwa umbali unaouandika au unaoupima kwa maikrofoni yake: Audyssey kwenye risiva za Denon na Marantz, YPAO kwenye Yamaha. Kama unajenga, au fundi wa jipsam bado hajafunga dari, acha kusoma ulinganisho huu. Mwambie apitishe mabomba ya kufichia waya hadi ukuta wa nyuma leo, hata kama spika utanunua baada ya miaka miwili. Gharama ya bomba ni ndogo, na umeme ukikatika na kurudi hakuna spika ya kutafutana na mwenzake. Zisizo na waya zikirudi kwenye umeme hutafutana upya. Taa ndogo ikiendelea kuwaka na kuzima kwa dakika kadhaa badala ya kutulia, bonyeza kitufe cha kuunganisha pande zote mbili.

Kuna na chotara: risiva za Yamaha zinazokubali MusicCast Surround zinaruhusu mbele iwe ya waya na nyuma ziwe spika mbili za Wi-Fi za Yamaha, MusicCast 20. Kwa nyumba iliyokwishapigwa plasta, hiyo ni suluhu ya watu wenye busara na fedha kidogo ya ziada.

## Pima kabla muda wa kurudisha haujaisha

Tafuta video ya majaribio inayomulika na kulia kwa wakati mmoja. Iweke kwenye chanzo unachotumia kweli, yaani king'amuzi, flashi au programu ya TV, kwa kuwa kila kimoja kina uchelewaji wake. Kaa kwenye kiti chako, rekodi skrini kwa simu ikiwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, kisha fungua video kwenye programu ya kuhariri inayoonesha mawimbi ya sauti. Kila fremu ni karibu milisekunde 17. Hesabu fremu kati ya mmuliko na mlio. Fremu tatu au nne nyuma, ishi nayo kwa amani. Mlio ukitangulia mmuliko, ongeza ucheleweshaji kwenye saundiba hadi uingie. Ukichelewa fremu kumi, rudisha. TV ikiwa kwenye hali ya mchezo pima tena, maana hapo picha hutoka mapema na sauti inaonekana imezembea ghafla.

Kwa spika za nyuma, piga mlio mmoja mkavu kupitia zote na urekodi sauti ukiwa hapohapo kitini. Ukisikia kama mlio mmoja mnene, ziko sawa. Ukisikia "pa-pa", kuna spika inayotembea kwa saa yake.

Na kwa mwenye ndugu Marekani aliyeahidi kuleta seti kwenye begi: mwombe apige picha kibandiko cha nyuma cha sabufa, na cha kila spika ya nyuma, kabla hajalipa. Kikisoma 100–240V, aje nayo. Kikisoma 120V pekee, ukichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma utaiunguza, na sabufa ndiyo mara nyingi huwa hivyo hata pale saundiba yenyewe haina tatizo.